Ni Lini Mtu Anunue Gari la Fahari?

Wako watakaosikia swali hili wakacheka. Watasema: Mkulima wa Masisi au wa Rutshuru, mwenye jembe moja na mbuzi wawili, ana shughuli gani na gari la fahari? Mwenye kuuliza habari za magari na aende kwa matajiri. Lakini wasicheke upesi. Swali hili ni lile lile la mtu atakaye kununua baiskeli, au redio, au mabati mapya, au suti ya arusi. Kila mtu ana kitu kimoja ambacho moyo wake hukitazama kwa mbali. Na mara nyingi shida yake si kujua kama kitu kile ni chema au kibaya. Shida yake ni kuijua saa.

Mfano utasaidia. Katika mji wa Goma, kijana mmoja hufanya kazi ya kuchukua abiria kwa pikipiki, kama wale ambao watu wa mji huwaita motari. Ana mke, watoto watatu, na mama yake mzazi aliyekwisha zeeka. Alianza maisha kwa kusukuma chukudu, gari lile la mbao lenye magurudumu mawili, akiteremsha viazi na makaa mpaka soko la Birere, akaweka fedha kidogo kidogo hata akainunua pikipiki yake. Si mvivu wala si mlevi. Basi siku moja aliona mahali pauzwapo magari yaliyokwisha tumika gari jekundu, fupi, la chini, lenye milango miwili na viti viwili tu, la namna iliyofanywa kwa kwenda mbio na kupendeza macho. Bei yake dola 3,000. Tangu siku ile, hata akiwa na abiria nyuma yake, shingo humgeuka kila apitapo pale.

Kijana huyo ana dola 2,000 alizoweka. Tena yumo katika likelemba ya watu 10. Kila mwezi kila mmoja hutoa dola 100, na jumla yake, yaani dola 1,000, hupewa mmoja wao kwa zamu. Zamu yake ni ya tatu, nayo imekaribia. Elfu mbili na elfu moja ni elfu tatu. Hesabu imetimia kana kwamba mtu ameipanga.

Akawaendea watu wawili kutaka shauri. Mjomba wake akamwambia: "Mwanangu, ngoja. Hapa Goma hakuna aijuaye kesho. Mlima uko juu yetu, vita viko kando yetu. Mwenye fedha zake ndiye atakayepona." Kisha akamwendea motari mwenzake, naye akamwambia: "Ndugu yangu, nunua. Hapa Goma hakuna aijuaye kesho. Mlima uko juu yetu, vita viko kando yetu. Mwenye kungoja atakufa hajaonja kitu."

Hapo ndipo penye jambo la kufikiri. Watu wawili wameanza na neno moja, wakafika kwenye mashauri mawili yanayopingana. Nani amesema kweli?

Kila mmoja aweza kuleta mashahidi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wa mawe ukashuka ukapita katikati ya mji hata ukaingia ziwani. Nyumba na maduka yaliteketea, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa. Mtu aliyekuwa amenunua kabati na vitanda wiki ile alivipoteza vyote, na mjomba atasema: "Unaona?" Lakini mtu aliyekuwa ameficha noti katika sanduku chini ya kitanda alizipoteza vile vile, kwa maana karatasi huungua upesi kuliko mbao, na rafiki naye atasema: "Unaona?" Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena wakati wa jioni. Safari ile moto ulisimama ukingoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye, tarehe 27 Mei, wenye amri waliwaagiza watu wa mitaa mingi waondoke, wakajaa barabara ya Sake, na barabara ya Rutshuru, na mpaka wa Gisenyi, na meli za kwenda Bukavu. Kisha mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoutwaa mji, benki zilifunga milango yake. Watu waliokuwa wamefuata shauri la mjomba kwa uaminifu wote, wakaweka akiba yao mahali palipoitwa salama, walibaki na hesabu yao katika kitabu na mikono mitupu sokoni.

Basi ikiwa kungoja kwaweza kupoteza, na kununua kwaweza kupoteza, hofu ya kesho haiwezi kumfundisha mtu saa. Ikitazamwa vizuri, hofu hiyo humrudishia kila mtu shauri alilokuwa nalo tangu zamani. Mwoga hupata ndani yake sababu ya kuficha, na mwenye tamaa hupata sababu ya kutumia. Wote wawili hudhani kwamba mlima umewaambia jambo, kumbe wamesikia sauti zao wenyewe zikirudi.

Sharti basi pafuatwe njia nyingine.

Kwanza, lisitupwe neno la haraka kwamba kulitamani gari lile ni dhambi. Gari lililotengenezwa vizuri ni kazi ya akili na mikono ya watu, na kufurahia kazi njema si uovu. Wala magari ya namna ile si ya wafalme peke yao. Mwaka 1989 kiwanda cha Mazda, huko Japani, kilianza kuuza gari dogo la viti viwili liitwalo MX-5, lililokusudiwa watu wa kipato cha kawaida, na mwaka 2016 gari la milioni moja la namna hiyo lilitoka kiwandani. Watu milioni moja si matajiri wote, wala si wapumbavu wote. Kijana wa Goma akipenda alichokipenda mwalimu wa shule au karani wa huko, hajafanya jambo la kushangaza.

Pili, ifahamike kungoja ni nini, maana neno hili husemwa ovyo. Wakatekumeni walijua kungoja kuliko watu wengi. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba watu wazima wasibatizwe kabla ya miaka 4 ya kujitayarisha. Wengi waliona ni mingi mno. Lakini ndani ya miaka ile ilikuwamo kazi: kujifunza, kupatana na adui, kulipa madeni, kuiweka sawa nyumba. Mtu aliyetoka hakuwa yule aliyeingia. Huo ndio upimo wa kungoja kwema, kwamba liko jambo linalofanyika ndani yake. Mtu asemaye "Nangoja", na miezi yapita, wala hawezi kutaja ni jambo gani litakalokuwa limetimia siku ya mwisho, huyo hangoji. Ameahirisha tu. Na huyo mjomba, asiposema kijana angoje nini, hajampa shauri bado.

Sasa gari lenyewe lina saa yake, na yafaa isemwe kwa urefu kidogo, kwani wengi hudanganyika hapa. Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya bei yake katika miaka ya kwanza. Baadaye bei hushuka polepole. Kisha waja wakati ambapo bei ni ndogo, lakini matengenezo huzidi kila mwaka, hata mtu hulinunua gari mara ya pili kwa kulitengeneza. Kwa sababu hiyo wenye busara katika nchi nyingi hulitafuta gari la umri wa katikati: la kwanza limekwisha kulipa hasara yake kubwa, na la mwisho halijaanza kuomba. Huko Japani sheria yasaidia jambo hili. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na kila ukaguzi una gharama, hata wengi huona ni heri kuuza gari likiwa bado zima. Ndiyo sababu mojawapo magari mengi ya Japani huvuka bahari mpaka Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka huko hupanda kwa barabara hata kufika maziwa makuu. Kenya imeweka sheria kwamba gari lililopita miaka 8 lisiingizwe nchini.

Hesabu hiyo ni njema, lakini ilifanywa kwa barabara za lami. Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe yaliyotapikwa na mlima. Katika mitaa mingi jiwe hutokeza katikati ya njia kama jino. Gari la kwenda mbio lina tumbo lililo chini, pengine halitimizi shubiri moja kutoka ardhini, na chini ya injini ndipo kilipo chombo kinachoweka mafuta ya kuilainisha. Jiwe likikitoboa chombo hicho, mafuta humwagika pasipo dereva kujua, na injini hufa kabla hajafika mwisho wa mtaa. Mwaka mmoja wa barabara hizo hulizeesha gari kuliko miaka mingi ya Tokyo. Tena Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kuume. Katika Kongo watu huendesha upande wa kuume. Dereva wa gari kama hilo, atakapo kulipita lori, sharti alitoe gari karibu lote katikati ya njia kabla hajaona kama kuna kitu kinachokuja. Wengi wamezoea, ni kweli. Kuzoea hatari na kuiondoa hatari ni mambo mawili.

Tena iko saa ya muuzaji. Hiyo haina siri: ni sasa. Kila muuzaji atasema kwamba mtu mwingine alikuja asubuhi, na kwamba atarudi jioni na fedha taslimu. Pengine ni kweli. Lakini namba zile zionyeshazo kilomita ambazo gari limekwenda zaweza kurudishwa nyuma na fundi mwovu, na rangi mpya huweza kufunika kutu, na haraka ya mnunuzi ndicho kifuniko kikubwa kuliko vyote.

Katika Kenya uko mfano wa kweli wa mtu aliyenunua gari la mashindano lililokwisha tumika, akalinunua kwa saa yake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na matope, na mengi hayakufika mwisho. Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta magari yake. Baada ya hapo gari mojawapo, la namna iitwayo PV544, likanunuliwa na Joginder Singh, mwenyeji wa Kenya aliyezaliwa Kericho. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa gari hilo hilo kuukuu. Watu walistaajabu. Lakini haifai kustaajabia bahati. Joginder alikuwa fundi, aliyekulia katika kazi ya karakana ya baba yake, na kazi yake ilikuwa kuyatengeneza magari yaliyoharibika njiani. Alipolitazama gari lile hakuona rangi. Aliona vyuma, akajua kipi kimechoka na kipi kina nguvu, na tena akajua namna ya kukibadili kile kilichochoka. Wengine waliona gari lililokwisha kazi, yeye akaona gari lililo tayari. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, kwa gari la aina nyingine.

Saa yake ilikuja kwa njia ya maarifa. Kijana wa Goma anajua kubadilisha mnyororo wa pikipiki na kuziba tairi. Chini ya gari hajapata kulala. Basi mtu akimwambia kijana huyu "Ngoja hata ujue kulitazama gari", amempa jambo la kufanya katika kungoja kwake, na shauri hilo ni la kweli kuliko maneno yote ya mlima na vita.

Hata hivyo maarifa peke yake hayatoshi, maana mtu aweza kulijua gari kabisa na bado akalinunua kwa fedha zisizo zake. Hapo ndipo kiini cha swali hili. Elfu mbili na elfu moja, kijana amesema, ni elfu tatu. Lakini hiyo elfu moja ya likelemba ni ya nani? Itakapofika zamu yake ya tatu, yeye atakuwa ametoa dola 300 tu. Dola 700 zilizobaki ni za wenzake, wamemtangulizia kwa kuamini kwamba atatoa mia yake kila mwezi hata zamu ya kumi. Mkono wake umejaa, lakini saba katika kumi ya ule ujazo ni deni. Katika likelemba ile yumo mjane mmoja auzaye sambaza penye soko la Kituku, kando ya ziwa. Zamu yake ni ya tisa. Tangu Septemba 2019 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, lakini shule ya sekondari hudai ada, na mama huyo amemwahidi binti yake kwamba fedha za zamu ya tisa zitamlipia.

Sasa na lipasuke lile gari jekundu mwezi wa tano, juu ya jiwe la mtaa wa Katindo. Kijana atalitengeneza kwa fedha gani? Kwa mia ile ya kila mwezi. Ataomba radhi mwezi huo, na mwezi wa pili ataomba tena. Wengine wakiona mmoja halipi, nao watalegea, kama ilivyo desturi ya wanadamu. Zamu ya tisa ikifika, mama wa Kituku atapewa nusu, au ahadi. Naye hakuwahi kuliona gari lile. Hakulipanda, hakuisikia hata sauti yake. Kumbe ndiye aliyelilipa.

Kwa hiyo saa ya kununua kitu cha fahari hupimwa hivi: je, hasara ikija, itamwangukia nani? Ikiwa itamwangukia mnunuzi peke yake, na yeye ameikubali, basi saa imefika, hata kama wazee watanung'unika. Ikiwa itamwangukia mtu mwingine, ambaye hakuulizwa, saa haijafika, hata kama fedha zimetimia na bei ni ndogo na gari ni zima. Hapo mlima na vita vinarudi, lakini mahali pake pa haki. Mahali ambapo hasara huja mara nyingi, kama Goma, sharti mtu azidi kutazama itaangukia wapi.

Iko ajabu nyingine katika habari ya kijana huyu. Alimwuliza mjomba, akamwuliza rafiki, mkewe hakumwuliza. Pengine alilijua jibu. Mke akasikia kwa majirani, na usiku akamwuliza swali moja tu: "Baba wa watoto, gari hilo lina viti vingapi?"

Akajibu kwamba lina viti viwili.

Mama hakusema zaidi, wala hapakuwa na haja. Yeyote aliyekuwako Goma usiku ule wa 22 Mei 2021, mbingu zilipokuwa nyekundu na watu wakitoka na magodoro vichwani, anajua maana ya swali lile. Nyumba ile ina watu sita: baba, mama, watoto watatu, na bibi asiyeweza kutembea mbali. Baba atakaa penye usukani. Nani atakaa penye kiti cha pili? Wakati wa amani gari la viti viwili ni mchezo, na mchezo ni haki ya mtu. Lakini kwa nyumba isiyo na njia nyingine ya kutoka, kuingiza fedha zote katika viti viwili ni kama kukata hukumu mapema juu ya watu wanne. Pikipiki ile ya kazi, pamoja na aibu yake ya vumbi, imekwisha onekana mara nyingi ikibeba baba, mama na watoto wawili. Haifai kisheria, ni kweli, lakini usiku ule hakuna askari aliyeuliza.

Hapa yafaa kusikiliza neno la mtu atakayepinga, maana lina nguvu. Atasema: Kwa kipimo hiki maskini hatanunua kamwe kitu cha kupendeza. Daima yuko mjane, daima yuko mtoto wa shule, daima wako wakimbizi. Katika miaka ya 2023 na 2024 makambi ya Kanyaruchinya na Bulengo, karibu na mji, yalijaa watu waliolala chini ya turubai. Ikiwa mtu angoje hata shida ya wote iishe, atangoja kaburini. Na matajiri, ambao hawajiulizi hivi, wataendelea kununua.

Neno hili lisijibiwe kwa kumwambia maskini avumilie tu. Kuna namna ya kungoja iliyo ugonjwa. Mjomba wa kijana, kwa mfano, amengoja maisha yake yote. Hakununua baiskeli alipokuwa na miguu ya kuiendesha, hakumshonea mkewe nguo ya sikukuu, na fedha alizozikataza hakumpa maskini yeyote. Ziko wapi? Nyingine zilibadilishwa thamani wakati wa Zaire, alipokuwa na zaire nyingi ambazo baadaye hazikununua hata chumvi. Nyingine ziko katika benki iliyofunga. Huyo hakuwa mtu wa kiasi. Alikuwa na hofu, akaiita busara. Tena vitu vya fahari vina umri wa mnunuzi vile vile. Kuingia katika gari la chini kama lile, na zaidi kutoka, kwataka kiuno cha kijana. Mzee wa miaka sabini atahitaji watu wawili wa kumvuta, na fahari yote itakuwa imekwisha.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13, hakumtaka mtu atoe sadaka hata yeye na watu wanaomtegemea wakose ya kuwatosha kuishi kwa heshima katika hali yao. Alijua kwamba maisha ya mtu yanahitaji zaidi ya chakula. Kwa hiyo tofauti sharti ifanywe kati ya shida za ulimwengu na madai yenye jina. Wakimbizi wa Bulengo walimdai kijana huruma, na sehemu ya mfuko wake kadiri ya uwezo. Hawakumdai maisha yake yote. Lakini mama wa Kituku anamdai dola 100 kila mwezi, kwa miezi saba, kwa jina lake. Mtoto wa kwanza anamdai ada ya Septemba. Mkewe anamdai kuulizwa. Haya yana hesabu na yana mwisho. Mtu akiyatimiza, asiogope tena kwamba kila senti aifurahiayo imeibwa.

Tena kiasi si sawa kwa wote. Tajiri mwenye magari matatu akinunua la nne kwa viti viwili, watu wake wanayo njia ya kuondoka, na hasara itakuwa yake. Kwa kipimo hiki pengine saa yake ilikwisha fika, ingawa yako maswali mengine ambayo tajiri sharti aulizwe. Inaudhi kuona kwamba kitu kile kile ni halali upesi kwa mmoja na polepole kwa mwingine. Lakini dawa ya hilo haimo katika kumdhulumu mjane.

Kijana alifanyaje? Zamu yake ya tatu ilipofika, alipokea dola 1,000 mbele ya wote. Ada ya mtoto ikalipwa, na pikipiki ikapata magurudumu mapya, maana ndiyo inayolisha wote. Zilizobaki akazigawa mahali pawili, baada ya kufikiri juu ya moto na juu ya benki. Akaendelea kutoa mia yake mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Siku za Jumamosi alasiri alikwenda kwenye karakana ya fundi mmoja, akampa vyombo mkononi, akajifunza majina, kisha akaanza kulala chini ya magari mwenyewe na kutoka huko na uso mweusi, na watoto wake wakamcheka. Mwezi wa saba gari jekundu likauzwa. Alilipita likiwa linatoka langoni, mtu wa Bukavu akiwa penye usukani. Siku ile hakula vizuri.

Mwezi wa tisa mama wa sambaza alipewa dola zake 1,000, zimetimia. Mwezi wa kumi likelemba ikafungwa, na wote wakakubaliana kuanza upya.

Baada ya hapo kijana alirudi mahali pale pauzwapo magari, safari hii pamoja na mkewe na yule fundi. Palikuwa na gari jingine, la buluu, si zuri kama lile la kwanza, lakini la mbio vile vile, lenye viti vinne, na tumbo lake limeinuka kidogo. Fundi akatandika gunia chini akaingia chini ya gari. Kijana akapiga magoti akimshikia taa, na mkewe akafungua mlango wa nyuma akapima kwa mkono kama bibi angeweza kukaa. Mwenye gari akasema kwamba kuna mtu aliyekuja asubuhi, naye atarudi jioni na fedha taslimu.

"Na aje, baba," kijana akasema, bila kuinua kichwa. "Fundi hajatoka bado."